Karafuu Saba

Makumbusho ya Ibra, Jumatatu, saa nne asubuhi.
Nje jua lishaukalia ukuta; ndani baridi ya mashine
imenifanya nijitande mtandio mara mbili.
Kabati la pembeni, taa ndogo ya njano,
kitabu kimefunuliwa, mgongo umeliwa na mchwa.
Kibandiko: *Muswada wa Kiarabu. Mwandishi hajulikani.*

Nikainama. Herufi nazijua tangu chuoni,
lakini maneno yalikataa kuwa Kiarabu.
*Karafuu saba, tangawizi kiasi cha kidole,
chemsha hata maji yapungue nusu,
mpe mtoto akohoaye, usimpe kwa pupa.*
Nikacheka peke yangu,
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni
sokoni, kati ya watu asiowajua.

Nikatoa simu. Salmin, mlinzi, keshafika:
"Bi Thuweiba, samahani, kupiga picha hairuhusiwi.
Picha inauzwa ofisini. Riali kumi na tano,
na fomu, ueleze matumizi."

Matumizi: kikohozi.

Ofisini Muadhi akanifungulia kompyuta.
Ukurasa uleule, na mhuri wa kijivu
umelala juu yake mshazari,
umefunika tangawizi.
Chini: haki zote zimehifadhiwa.
"Haki za nani? Huyu aliyeandika
kafa kabla babu yangu hajaota jino."
"Za picha, bibi. Si za maandishi.
Za kamera na taa."
Kumbe taa nayo hurithi.

Nisiwe mwizi wa fadhila:
wao ndio waliokiokoa na mchwa.
Ila anayemfukuza mchwa
hapewi kitabu akile yeye.

Nikarudi kabatini. Wino marufuku, penseli ruhusa.
Nikageuza fomu, nikanakili mgongoni mwake,
polepole, mkono ukitetemeka kwa baridi,
mpaka chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama ufuta
ambazo kibandiko hakikuzifikia:

*Mwenye kusoma asinifungie.
Anakili, ampe mwenziwe, aniombee dua.
Mkono huu utaoza;
kikohozi hakitaisha.*

Nikamwombea, bila jina, huyu asiyejulikana.
Chini ya mstari wake nikatia tarehe, na jina langu.

Salmin alikuwa nyuma yangu muda wote.
Akaitazama kamera ya darini,
akajifanya anafuta kioo, akaniinamia:
"Karafuu ngapi, ulisema?"