Chumvi Haibishi Hodi

Shahada nimeiweka
kwenye kabati la kaka,
mwezi wa saba wafika
sijaitwa afisini.

Maombi nimeyatuma,
kila jibu nikisoma
hurudi lile la nyuma:
"Uzoefu wako nini?"

Mlango una komeo,
nami sina ufunguo,
uko mfukoni kwao
hao walio chumbani.

Jirani akauliza,
na mikate akiuza:
"Masomo umemaliza,
mbona bado u nyumbani?"

Nikaenda kwa Famau,
fundi asiye dharau,
duka la kupanda juu
katikati ya Langoni.

Hakuniuliza cheti,
akanipa kile kiti
na mswaki na spiriti
na simu za baharini.

Chumvi haibishi hodi,
huingia bila kodi
kwenye saketi na bodi
ikala shaba pembeni.

Kwa lenzi nikaiona,
kijani imejibana
kama ukoga wa jana
uliobaki menoni.

Nikasugua kwa tabu,
njia nikazihesabu,
nikachoma, nikatibu,
ikawaka mkononi.

Bibi mmoja wa Shela
alinilipa kwa hela
na juu yake chakula:
wali wa nazi, sahani.

Ila baada ya mwezi
simu hurudi; na kazi
ni ile ile ya juzi,
chumvi tena, mle ndani.

Famau kacheka: "Hivi
ndivyo tulavyo na chumvi;
kuponya sana ni wivi,
wajinyima mfukoni."

Usiku huo Batuli
akipaka kucha mbili
nyekundu ya pilipili
kwa harusi ya jirani.

Akafua, akanawa,
rangi ikabaki sawa;
nikawa kama mpewa
kurunzi mle gizani.

Chupa nikaichukua,
bodi tatu nikatia
rangi, zikapata jua
darini kwenye sahani.

Kisha ndoo ya bahari,
wiki tisa nisubiri,
nikaandika habari
za kila siku jioni.

Moja ilikufa kweli,
nilisahau mahali;
zikabaki zile mbili,
zikapumua majini.

Batuli akaja juu:
"Ni rangi ya sikukuu!
Wapaka simu miguu?
Una wazimu kichwani!"

Ndipo ikaja barua:
Malindi wanachagua
fundi wa kuwaundia
mita za maji mijini.

Mahojiano kwa simu,
watatu wenye nidhamu,
na punda akalaumu
kwa sauti dirishani.

Wakanicheka, halafu
yule mzee mrefu
kauliza, "Uzoefu?"
Yale yale ya zamani.

Sikuitaja shahada,
wala chuo, wala mada;
niliinua kwa muda
bodi mbichi, ya ndooni.

"Hii chumvi imeila,
hii nayo imelala
wiki tisa, bila hila,
ingali hai majini.

Na hapa niliposhindwa,
kipembe hakikulindwa;
kosa hilo nimefundwa,
silirudii kazini."

Kimya kikawa cha wote,
punda naye asilete
neno. Nikameza mate,
roho imepanda kooni.

"Rangi hiyo," akasema,
"jina lake?" Nikakwama.
"Ni ya... kucha," nikahema.
"Ya dada yangu nyumbani."

Kanipa miezi sita
ya kuzijaribu mita;
mshahara nikipata
nusu huisha njiani.

Mama akashika shavu,
akalia kwa utuvu,
kafunga papa mkavu
ndani ya leso, begini.

Famau, kunisindika,
mswaki aliushika:
"Enda nao. Umefika
penye wivi wa thamani."

Siku ya kwanza Malindi
wakanidhani si fundi;
chai ya watu wa kundi
niliagizwa jikoni.

Chai nikawaletea,
kisha nikajikalia,
mita nikaifungua.
Ikapoa vikombeni.

Leo nami naajiri;
maombi yako tayari,
fomu ina lile shari:
"Uzoefu wako nini?"

Nimelifuta kwa wino,
nikaandika maneno:
"Kilokushinda mkono
ni kipi? Tena, kwa nini?"

Na Batuli nimempa
rangi mpya, chupa kwa chupa;
amezificha, naapa,
nisizitie ndooni.