Dadu ya Nyuso Ishirini

Jumamosi, Kaptembwa, nyuma ya duka la mbolea,
twapigana na dhambi kwa penseli.
Mazimwi nayatunga mimi.
Uchoyo: matumbo tisa, koo jembamba kama uzi.
Kijicho hakina mwili, huazima wa jirani,
na kila mwili hukibana mabegani.
Uvivu umelala njia panda tangu enzi za reli;
watu wamelima mahindi mgongoni mwake
na sasa wanagombania mpaka.

Jerotich ana upinde na alama kumi na moja za uhai.
Lusweti ana ngao tu.
Hapigi mtu, hata mchezoni.

Leo nimeleta jipya.
Halina pembe wala mkia. Hubisha hodi,
huuliza hali ya mama, hunywa chai,
husema, "Ijumaa, bila wasiwasi."
Linakujua, kwa hiyo halikuli ukaisha:
hubakiza kidogo cha mwezi ujao.

Jerotich akacheka. Lusweti hakucheka.
Mabati yake ishirini yako juu ya jiko langu
tangu mvua za Aprili.

"Linauawaje?" akauliza.
Nikapekua daftari. Sikuwa nimeandika.
"Rusha," nikasema.

Dadu ikagonga kikombe, ikadunda,
ikapotelea chini ya magunia.
Tukapiga magoti wote, tochi ya simu mkononi,
vumbi la chokaa puani.
Nikaiona. Nikanyoosha mkono.

"Usiiguse," akasema Lusweti.
"Nataka niisome mwenyewe."