Kabla Hujateremka

Mchopa, kesho alfajiri napanda basi la Ndanda,
wakanifungue tumbo hili waone lina nini.
Petroli imo kwenye pipa, nyuma ya magunia ya ufuta.
Kuliwasha unajua. Kila kijana wa Stesheni anajua kuliwasha,
vishindo vyenu vinafika mpaka sokoni.
Kaa nikufundishe kulizima.

Ukimaliza tuta la mwisho usikate moto papo hapo.
Limepasua udongo mwekundu tangu asubuhi, damu inachemka.
Mtu aliyetoka mbio humpokei kwa kabali.
Rudisha mkono wa mafuta, liache sailensa, liheme,
muda wa kuvua viatu na kukung'uta mchanga,
muda wa kumjibu anayepita: hatujambo, na kwenu je.
Ukisogeza kiganja karibu na rejeta
joto likusukume, lisikuchome.

Shusha plau. Iguse ardhi, ilale.
Chuma kilichoning'inia kina ahadi na mguu wa mtu,
muulize Lipato wa Naipanga kwa nini anachechemea.

Halafu inama, kulia, chini ya tangi,
kuna koki ndogo ya shaba, ina sikio kama la kitoto cha mbuzi.
Ifunge. Injini itakunywa kilichobaki kwenye kabureta,
itakohoa, itasema maneno mawili matatu yasiyoeleweka,
itanyamaza yenyewe.
Petroli ikilala humo huacha ulimbo,
na asubuhi utazungusha hendeli mpaka mabega yakukane.

Sasa swichi.
Ifunge. Iguse tena.

Mwaka ule wa mvua za mapema nilifunga koki,
injini ikanyamaza, nami nikakimbilia msibani.
Swichi nikaiacha wazi.
Usiku kucha koili iliungua peke yake, bila mlio, bila shahidi.
Nyingine ilichukua siku kumi na moja kufika.
Bi Somoe ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni,
ekari nne za karanga, nusu ya malipo ameshatoa.
Alizipiga kwa jembe la mkono, yeye na wajukuu,
mbili zikaota, mbili zikaliwa na magugu.
Nilimrudishia pesa. Alizihesabu, akashukuru.
Hakunisema popote.
Tangu hapo naigusa mara mbili.

Kitabu chake ninacho, mchwa wamekula pembe.
Ukurasa wa arobaini unaagiza: usiku wa baridi mwaga maji ya rejeta,
yasije yakaganda yakapasua chuma.
Mjomba Nandonde, aliyeniachia trekta pamoja na madeni yake,
alikuwa akiusoma kwa sauti, mwezi wa Novemba,
hapa hapa penye tuta la reli iliyong'olewa,
jasho linamtiririka mgongoni, tunacheka mpaka tunakaa chini.
Wewe maji yaache.
Ila betri ivue waya mmoja,
na kopo la maziwa lifunike mdomo wa ekzosi,
si kwa mvua tu, nyigu nao wanatafuta nyumba.
Na usilijaze mafuta likiwa la moto. Unaziona nyusi zangu?
Hii ya kushoto ilichelewa kurudi.

Ukishamaliza, usiondoke bado.
Egemea gurudumu la nyuma. Utakisikia chuma kikipoa,
ti,
ti,
      ti,
kila mlio ukichelewa kuliko wa mwenzake.
Nyumbani wanadhani nasahau chakula. Sisahau.
Nasikiliza kama kuna tone linalodondoka,
maana petroli haina adabu, hutambaa ikatafuta jiko la jirani.
Kukiwa kimya kabisa, nenda kaoge.

Ijumaa ya wiki ijayo nikirudi,
kama nikirudi,
hata begi sijaweka chini nitapitia kwanza bandani niiguse swichi.
Sitakusema.
Nataka kujua tu.