Ndani ya Upindo

Nguo wanaiweka mezani kwa kishindo.
Kimzizi wanakitoa polepole, soksini, kifuani,
ndani ya noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne,
macho yao barabarani,
kana kwamba wamekuja kuhesabu malori ya Gulu.

Mimi fundi cherehani, hapa Bombo,
kibaraza cha tatu ukitoka lango la kambi.
Siulizi. Sindano ina tundu, haina mdomo.
Nafumua upindo upana wa vidole viwili,
natia, narudishia, napitisha pasi ya makaa
kwa adabu, maana lweza ikiungua
harufu yake humtangaza mtu mtaa mzima.

Lweza ni ile ya vichwa vyeupe, kama pamba iliyosahauliwa majanini.
Waganda hulisikia neno la mavuno katika jina lake.
Na bombo ni mtambaazi, jina moja na mji wetu;
mwanafunzi wangu aliniuliza nani alimzaa mwenzake,
mji au jani.
Nikamwambia shika pini.

Nakimera alileta sare ya binti yake,
wiki moja kabla ya mtihani wa darasa la saba.
"Mkono wa kulia, fundi. Ndio wa kuandikia."
Binti yule anaandika kwa kushoto,
shuleni tu ndiko anakojilazimisha;
nimemwona hapa akijiandikia deni la mandazi.
Nikashona mikono yote miwili,
nikatoza mmoja.

Onzima, kipa, alinipa glovu.
Jumamosi akafungwa manne.
Jumapili alikuwa mlangoni kwangu hata chai sijanywa:
"Uliweka juu chini!
Mzizi una kichwa, fundi, una miguu!"
Nikafumua. Nikageuza.
Wakafungwa mawili,
akanishukuru.

Mke wa koplo alikuja na gwanda la Somalia,
usiku, mvua ikinyesha, bila mwavuli.
"Asijue," akasema.
Nikauficha mzizi nyuma ya kifungo cha moyo,
uzi wa kijani juu ya kijani,
hata mimi nikipapasa nilikuwa naukosa.
Mume alirudi mzima, na masanduku matatu.
Asiyekuwepo ni yeye.
Watu husema mengi.
Mimi najua tu alikilipia kipande kile kwa sarafu,
nyingi, za moto kutoka kiganjani.

Basi Jumanne Ssebuliba akaleta koti la mtumba,
sufu nzito, limeshonwa kwa baridi ya watu wengine.
"Punguza mikono. Nina usaili Kampala."
Nikafungua bitana,
nikakutana na mishono isiyo ya mashine:
uzi mwekundu, hatua ndefu, hatua fupi,
hatua iliyorudi nyuma kwa wasiwasi.
Huyu hakuwa fundi. Huyu alikuwa mama,
au mtu aliyejichoma kidole na kuendelea.

Ndani, kijiti.
Kikavu, cheusi, urefu wa njiti ya kiberiti.
Nilikinusa: sikukijua.
Nikampelekea Namusisi muuza dawa, mwenye pua ya ukoo,
akakinusa, akakilamba ncha,
akakirudisha kwenye kiganja changu, akakifunga vidole.
"Hakina jina huku," akasema,
akaendelea kuchambua majani yake.

Nilikaa nacho hadi adhana ya alasiri.
Kumbe na huko, kwenye theluji na taa nyingi,
kuna mtu huwasha mshumaa, akatafuta sindano,
akaogopa kwa ajili ya mtu mwingine.
Kilikuwa cha safari? Cha mahakama? Cha mapenzi?
Na aliyelitupa koti, alikuwa amekwisha kupata,
au alikufa asijue amebeba nini?

Nilikirudisha palepale.
Nikatafuta uzi mwekundu, nikashona vibaya,
hatua ndefu, hatua fupi,
mkono wangu wa miaka ishirini ukikataa.

Ssebuliba alilipa mikono. Bitana sikuitaja.
Kazi bado hajapata.
Lakini jana nilimwona stendi, saa saba mchana,
jasho linamtiririka hadi kidevuni,
na koti hajavua.