Mlango Usiozibika

Mimi ni fundi wa milango, Langoni, Lamu.
Naujua mlango unaolia kwa bawaba
na ule unaolia kwa mti kuvimba.
Sikujua kwamba moyo nao una milango,
minne, midogo, laini kuliko ganda la kitunguu.

Ilianza kwa mafindofindo.
Tima, miaka tisa, alikataa hata uji,
akimeza mate huku amefumba macho
kama anayemeza msumari.
Bibi yake alimmulika kwa tochi:
ni kimio hicho, aitwe mkata kimio.
Mamake akasema: hospitali.
Wakatupa vidonge vya siku kumi, kutwa mara tatu.

Siku ya nne alimaliza sahani ya viazi vya karai,
akagombana na nduguze, akacheka.
Nikavihesabu vilivyosalia
nikavitia kwenye kopo la misumari, rafu ya juu,
akiba ya mdogo wake siku akiugua.
Seremala hatupi ubao uliobaki.

Wiki ya tatu, goti.
Kesho yake goti la pili, la kwanza limepoa.
Kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko,
maumivu yakihama kiungo kwa kiungo
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Tulimkanda kwa mafuta ya simsim.
Yakaondoka yenyewe.
Alhamdulillahi, tukasahau.

Kutoka karakana hadi juu tunakoishi
ni ngazi kumi na saba.
Tima alizipanda kwa pumzi moja
akizihesabu kwa sauti, majirani wasikie.
Alipoingia darasa la sita
aliketi kwenye ya tisa.
Sikuuliza.
Baadaye akaketi kwenye ya sita. Nikauliza.
"Napisha watu tu, baba."
Ngazini hapakuwa na mtu.
Na usiku alilalia mito mitatu, karibu ameketi.

Daktari alinivika mipira yake masikioni.
"Sikiliza."
Nikausikia moyo wa mwanangu ukigonga,
na nyuma ya kila pigo, shhh,
kitu kinarudi kilikotoka.
"Mlango unafungwa, haufungiki.
Yale ya koo hayakwisha. Yaliishia hapa."

Nikamwuliza swali la kijinga, swali la kazi yangu:
hauwezi kupigwa randa?
Hakucheka.
Alisema wapo wanaourekebisha, mbali na hapa,
na wapo wanaotia mpya wa chuma.
Lakini kwanza sindano,
kila baada ya siku ishirini na nane,
miaka na miaka, koo lisiugue tena,
mlango usizidi kupinda.

Kalenda ya duka la dawa iko ukutani karakana.
Natia alama kwa penseli ninayopimia mbao.
Siku ya sindano Tima hasemi nami hadi alasiri.
Findo la koo limeshuka likawa fundo,
sijui ni moyoni mwake au mwangu.

Kopo bado lipo.
Jana nilikuwa natafuta msumari wa inchi mbili,
vidole vikagusa vidonge vile,
vya rangi mbili, vimeshika kutu ya misumari.
Nikavihesabu tena.
Kumi na vinane.

Nje, ngazini, Tima anapanda.
Moja. Mbili. Tatu.
Randa nimeishika, siisukumi.
Nasubiri.

Nne.