Kuta za Ndani

Tulilishusha Jumamosi, nyuma ya banda la Heldur,
theluji ya Aprili bado imejikunyata mitaroni.
Nati kumi na sita. Kumi na nne zilikataa.
Urve akazikata kwa moto, cheche zikimrukia butini,
akacheka: gari la zimamoto, na leo ndilo linaloungua.

Kwa nje tangi lilikuwa jekundu bado,
ungeweza kulipigia picha ya harusi.
Ukiligonga kwa konzi, liliitika kama mkate mkavu,
na kidole changu kilipita
pale ambapo rangi peke yake ndiyo iliyobaki kuwa ukuta.
Moto haukuwahi kuligusa.
Ni maji, yale yale ya kubebwa, lita elfu mbili,
yaliyokaa humo yakitafuna polepole
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Heldur anataka jipya la chuma, lifanane na la zamani
hadi idadi ya ribiti.
Urve anataka plastiki. Wanabishana tangu Februari,
mara moja hata makaburini, kwa sauti ya chini.
Mimi sikuwa na upande.
Nilitaka kuona ndani.

Endel, baba yangu, ndiye aliyeliendesha
usiku ule ghala la kitani lilipowaka, mwaka sabini na nne,
na kwenye kona ya Lahesoo gari likalala ubavu.
Ghala likaisha. Watu wakasema: pombe.
Heldur ndiye aliyeanza kusema, kijana wa miaka ishirini,
mkono kwenye bandeji.
Baba hakujibu. Alirudisha kofia ya chuma, akafuga nyuki.
Gari likavutwa hadi bandani,
halikuona barabara tena.

Urve akafungua kifuniko. Ikatoka harufu ya bwawa na sarafu.
Tangi kama hili huwa na kuta ndani, nyembamba, zenye matundu,
za kuyavunja maji nguvu gari linapopinda.
Zilipaswa kuwa tatu.
Moja ilisimama.
Mbili zililala chini, zimepandana
kama sahani zilizosahauliwa kwenye beseni,
na chini yake, ndani ya kutu, mikwaruzo mirefu,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
ya kitu kizito kilichosafiri sana.

Tani mbili za maji zikikosa wa kuzizuia
huenda zinakotaka.

Tochi ilikuwa mkononi mwa Heldur. Ilitetemeka;
ana miaka sabini, na kulikuwa na baridi.
"Labda zilianguka baadaye," alisema.
"Baadaye gari halikutembea," Urve akasema.

Nami nakiri: baba alikuwa amekunywa.
Glasi mbili, na nusu ya tatu.
Nilikuwa na miaka tisa, mezani, nilihesabu.
Sijaacha kuhesabu.

Jioni tulinawa grisi kwa ndoo moja.
Heldur akamwambia Urve, bila kuniangalia,
"Weka kuta nne."
"Mchoro unasema tatu."
"Weka nne."