Asante kwa Uaminifu

Gethin Pugh wa Merthyr, fundi wa boila,
huzima taa ya choo nawe ungali ndani.
Hutembea maili nzima, mvua ya Wales ikimcharaza,
kufuata mkate uliopunguzwa peni kumi.

Mkataba wa simu yake ulikufa Machi mwaka jana.
Hakuna aliyetangaza msiba.
Pauni thelathini na nane
ziliendelea kutoka benki kila tarehe tatu,
kimya, kama panya aumaye huku akipuliza.

Leo Mair, mkewe, katika kusaka risiti ya zulia,
kaiona karatasi, kavaa miwani.
“Simu hii tulimaliza kuilipia zamani, Geth.
Sasa tunanunua nini?”

Akaishika ile simu, kioo kimepasuka pembeni,
akaipindua, akaipindua tena.
Akahesabu miezi kwa vidole.
Vikamwishia. Akaazima vya Mair.

Akapiga. Muziki. Subiri. Muziki.
Kisha sauti changamfu:
“Asante kwa uaminifu wako, bwana,
muda wote huu.”

Gethin hakujibu.
Aliinuka, akazima taa ya jikoni,
wakabaki gizani wawili hao,
ndipo akasema, “Endelea. Nakusikia.”